Nimekuita Mpakani

Kwako dada Yangzom, ng'ambo ya mlima,

Huku tu wazima, yak wetu, yule ng'ombe wa manyoya marefu, kazaa. Juzi nimepanda hadi mpakani kwa miguu. Vijana niliopanda nao walitapika njiani kwa hewa nyepesi ya juu, mimi wala! Askari akanizuia kwenye waya.

"Babu, mwisho hapa."

"Nilipita hapa na nyumbu wa mizigo kabla babako hajazaliwa!"

Akacheka, ila hakufungua.

Nimeweka mawe mawili kwenye rundo la mawe ambapo wasafiri huombea njia, langu na lako. Tangu uolewe huko na mpaka ukafungwa, sijakuona. Nikakuita kwa sauti. Askari wa upande wenu akanipungia mkono.

Daktari kanikataza kupanda tena. Hajui kitu. Theluji ikiyeyuka nitakuwa pale wayani. Nawe panda, dada, hata kwa kubebwa. Macho yangu bado makali, nitakutambua.

Mdogo wako asiyezeeka,
Pasang