Vitabu vya Kijapani na Eda ya Mastura

Jumamosi, 20 Novemba 1993

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba talaka ikishatamkwa, nyumba imevunjika papo hapo. Haijavunjika. Talaka moja huacha mlango wazi, nao ni eda, ule muda wa mke kungoja. Ndani ya eda mume akisema "nimekurejea", basi mke ni mkewe kama jana. Hakuna mahari mapya, hakuna karamu, hakuna kwenda kwa kadhi. Nimefundisha darasani miaka thelathini na miwili, nimeeleza mambo magumu kuliko haya. Ila mwanangu Mbwana hakuwa msikivu hata alipokuwa mdogo.

Alimtamkia mkewe Mastura talaka moja tarehe 25 Septemba. Ugomvi wa bure — harusi ya Jomvu Kuu, kwao Mastura, aliyokwenda bila kumuaga mumewe. Kisha akakimbia Mbwana! Sheria yataka mke akae eda katika nyumba ya mume, ili waonane, nyoyo zilegee. Mastura yuko hapa nyumbani, mtaani Shika Adabu, upande huu wa feri, nami na wanawe. Mbwana kahamia chumba cha wafanyakazi kule hotelini Bamburi, anakosafisha vyumba vya wageni. Moyo usioona utalegea vipi?

Shule zimefungwa jana. Wajukuu wangu wawili wako barazani tangu asubuhi.

Jumatatu, 22 Novemba

Leo nimewatazama wasichana na vitabu vyao. Ni katuni za Kijapani. Wageni huziacha vyumbani na baba yao huzileta, au huzituma. Sasa viko vitano. Vinene kama tofali, karatasi ya kijivu, picha nyeusi tupu. Pascalia, jirani yetu wa kutoka bara, alikifungua kimoja kwa kushoto akashangaa: mbona huyu mtu anazikwa kwanza halafu ndiyo anazaliwa? Hawa wangu ni watoto wa chuo cha Kurani. Walikifungua kwa kulia, kama juzuu, na hadithi ikanyooka.

Mwanarehema ana miaka kumi na mitatu. Ampenda msichana muogeleaji ambaye kila shindano huwa wa mwisho. Dhahabu, wa miaka tisa, ampenda mtawa mwenye upara anayesafiri na kaa mkubwa kama punda. Hakuna ajuaye hata herufi moja, kwa hivyo maneno huyatia wenyewe.

"Kaa asema: shehe, mie nimechoka kutembea kando kando!" — Dhahabu.

"Kaa hana neno. Kilicho kando ni kichwa chako."

"Bibi! Yuwanitukana!"

Kitabu cha tatu kina sura nzima ya msimu wa joto. Watoto wanajipepea, wanakula barafu iliyosagwa, mmoja amefungwa kitambaa machoni ana gongo mkononi, anapiga tikiti maji mchangani. Dhahabu akapiga kelele, kumbe Ujapani nako kuna kaskazi! Nikawaeleza kwamba joto lao ni mwezi wa saba, wakati sisi tuko katika baridi ya kusi, na sababu ni mwinamo wa dunia. Nilipofika kwenye mwinamo walikuwa wameshaondoka.

Wamechukua kalenda ya ukutani. Barafu ya ukwaju, tarehe 11 Desemba. Tikiti, pwani ya Shelly, tarehe 18. Kanzu za Kijapani za leso kuukuu, mama atashona. Kuogelea "mpaka tuwe wa mwisho", kila Jumatano.

Mtoto wa kwanza abaki kwangu kwa ajili ya shule, mdogo aende na mama yake Jomvu Kuu. Hivyo ndivyo wakubwa walivyopatana, eda ikisha bila neno. Wasichana hawajui. Nilitazama ile tarehe 18: kufikia hapo huenda eda itakuwa imeshakwisha.

Ijumaa, 26 Novemba

Joto. Mastura ashona kanzu za Kijapani. Mikono mipana kama mbawa. Simsemeshi habari za Mbwana, naye hanisemeshi. Bamburi kimya.

Jumapili, 28 Novemba

Amekuja Tsuma, anayefanya kazi na Mbwana. Kaleta kitabu cha sita. Wasichana walimpokonya kabla hajavua viatu.

Kaleta na maneno! Asema Mbwana amenyong'onyea, hali vizuri, picha za watoto kazibandika juu ya kitanda. Asema mwambie mama asiwe na wasiwasi. Ruhusa kazini ni shida kwa sababu ya msimu wa wageni, lakini tarehe 23 atakuja, amrejee mkewe kwa mdomo wake mwenyewe. Eda yaisha tarehe 25, kwa hivyo ana siku mbili za akiba.

Nikafurahi. Halafu nikaisikia vizuri ile tarehe 25.

Mastura alikuwa mlangoni, ameshika sinia ya chai. Aliiweka chini taratibu. Akasema, "Miaka kumi na minne, Tsuma. Miaka kumi na minne nimelala kitanda kimoja na yule mtu, na hesabu yangu haijui."

Tsuma akanitazama mimi. Mimi nikamimina chai.

Jumatatu, 29 Novemba

Niliandike wazi, labda nitaona njia.

Mbwana ahesabu eda kwa kalenda: miezi mitatu, Septemba 25 hadi Desemba 25. Miezi mitatu ni hesabu yetu sisi wazee tuliokwisha kukatikiwa na damu. Mwanamke kama Mastura huhesabu tohara tatu, yaani vipindi vya usafi kati ya damu na damu, na katika madhehebu yetu tohara aliyokuwamo siku ya talaka ndiyo ya kwanza. Damu ya tatu ikionekana tu, eda imekwisha. Hesabu haiko ukutani, iko kwake mwenyewe. Nani amfundishe mwanamume haya? Mama huona haya kumwambia mwana, baba afa mapema, na shehe hudhani kila mtu ajua.

Nimemuuliza Mastura. Ni mara ya kwanza kumuuliza jambo kama hili. Damu mbili zimeshapita. Ya tatu yatarajiwa Ijumaa au Jumamosi.

Ijumaa hii!

"Mwanangu, niache nimpelekee habari."

"La, Mama. Kama anitaka atakuja. Asiletwe kwa kamba kama mbuzi wa Idi."

"Hajui tu."

"Basi na ajue mwenyewe. Niapie hutamwambia."

Alinishika mikono yote miwili. Sijawahi kumuona vile tangu alipojifungua Dhahabu. Nikaapa. Wallahi, nikasema. Mzee mzima, mwalimu, nikaapa kama mtoto aliyebanwa!

Jumatano, 1 Desemba

Nimerudi sokoni nikakuta tikiti juu ya mkeka uani, Dhahabu kafungwa leso machoni, mwiko wa pilau mkononi. Wote wawili wamevaa zile kanzu.

"Kulia! Kulia zaidi! Mbele — huko ni kwa kuku!"

"Dada, wanidanganya!"

"Simama. Sasa piga!"

Alipiga ndoo. Kuku wakatawanyika. Mastura, aliyekuwa dirishani, akacheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu Septemba. Mara ya nne tikiti likapasuka, wekundu ukaruka hadi ukutani.

Nikamuuliza Mwanarehema, kwani tikiti si tarehe 18, pwani? Mbona haraka?

Alikuwa akiokota vipande. Hakuinua kichwa.

"Tarehe 18 Dhahabu hatakuwapo, Bibi."

Nikainama kumsaidia kuokota. Akaniambia, kwa upole kama ndiye mkubwa wangu, kwamba wameyaleta mbele yote. Barafu kesho, Shelly keshokutwa. Mama asiambiwe kuwa wanajua, atalia.

Alhamisi, 2 Desemba

Barafu ya ukwaju. Dhahabu ameumwa na meno.

Adhuhuri walikuwa chumbani wanagawana vitabu. Nilisimama nje ya pazia. Si tabia njema, nakiri.

"Wewe chukua cha kwanza, cha tatu na cha tano. Mimi cha pili, cha nne na cha sita. Idi tukionana tubadilishane."

"Mie nitajuaje muogeleaji amefika wapi?"

"Nitakuandikia."

"Na kaa?"

"Na kaa pia nitakuandikia atakayosema."

"Usimpe maneno mabaya."

"Simpi."

Kaka yake Mastura ametuma salamu kwamba atakuja na gari Jumapili kuchukua mizigo. Mastura ameshakunja nguo zake. Sanduku liko wazi juu ya kiti.

Nilikaa barazani, mikono mapajani. Huyu ana kiburi chenye haki. Yule ana mapenzi yenye hesabu mbaya. Mimi nina kiapo. Nawapenda wote na hakuna ninayeweza kumsogeza hata hatua moja. Nimewaza simu — lakini wafanyakazi wa vyumba hawaitwi kwenye simu ya hoteli.

Ijumaa, 3 Desemba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimemsikia Mastura akiswali Alfajiri. Mwanamke aliye katika damu haswali. Kwa hivyo mpaka saa hii mlango bado uko wazi. Adhuhuri sijui.

Wasichana wameshaamka, wanatafuta taulo za kwenda Shelly. Dhahabu ameuliza kama leo nitakwenda nao niwashikie viatu. Nimesema nitaona.

Nimefikiri hivi. Kumrejea mke hakuhitaji awe mbele ya mume. Atamke hapo hapo anapotandika vitanda vya wageni, Tsuma na mwenzake wawe mashahidi, yatosha. Kiapo kikivunjwa kina kafara yake, nayo nitaitoa mimi. Mastura huenda asiniamkie tena, na atakuwa na haki. Huenda pia nikafika nikaambiwa Mbwana ametumwa mjini. Huenda nikafika kwa kuchelewa, na nisijue kwamba nimechelewa mpaka nirudi nimuone hajatandika mswala. Magoti yananiuma. Sina hakika ya kitu chochote.

Haya, nafsi yangu Mwanasaumu, funga daftari hili, vaa buibui, vuka feri uende Bamburi sasa hivi ukamwambie mwanao.