Gazeti Halikuandika Yote Kuhusu Baba

Nyumba ya mwisho, Barabara ya Hemlock,
Tamarack Bend, Michigan.
2 Februari 2019

Mpendwa Shangazi Maybelle,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye theluji. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limekubali kupona. Bado unashuka ngazi kwa ubavu kama kaa? Na yule paka wako mwenye hasira, bado anawakwaruza wageni? Nasikia huko Arizona mnakaa barazani bila hata sweta mwezi huu wa pili. Usinisimulie zaidi, nitalia.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mimi ni mzima. Baba yu hai. Naanza na hilo ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia. Yu hai, anakula, na jana alimgombeza nesi kwa sababu ya kahawa.

Najua nilikupigia simu siku ile nikaropoka kwamba kaka yako ameanguka mtoni, kisha nikakata. Najua pia kwamba Dale Vrooman, jirani yetu, amekutumia kipande cha gazeti chenye picha yangu. Nakuomba, Shangazi, usikibandike kwenye friji. Soma haya kwanza.

Kila Januari, wageni wa sikukuu wakishaondoka na mto ukabaki mtupu, Baba, Dale na mimi huteremka Mto Manistee kuvua samaki aina ya trauti. Unamjua kaka yako. Ana miaka sabini na tatu, na anaamini kuwa anayevua wakati wa joto ni mtalii tu.

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili baridi ilikuwa ya kugandisha kope. Kila ukirusha mshipi mara tatu, barafu inaziba vipete vya fimbo, inabidi uvinyonye kama pipi ndipo mshipi upite. Kando kando mto ulikuwa umefanya rafu za barafu zilizotanda juu ya maji, na katikati maji meusi yanakwenda kasi. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeshapata trauti mmoja wa aina ya stilihedi, jike la rangi ya fedha tupu, limepanda kutoka ziwani juzi juzi tu. Nikalishika kidogo nikalirudisha. Dale hakuwa amepata kitu.

"Dale!" Baba akamwita kutoka upande wa juu. "Hicho chambo chako cha manyoya umekifunga mwenyewe, au umekiokota kwenye mfereji wa bafu?"

"Nimekifunga kwa nywele zako, mzee. Ndiyo maana ni chembamba hivi!"

Tulicheka mpaka nikadhani tumewafukuza samaki wote. Nakuandikia hili kwa sababu nataka ujue kwamba dakika kumi kabla ya ajali tulikuwa tunacheka.

Baadaye kidogo Baba aliingia msituni kujisaidia. Unajua zile suruali za mpira zinazofika kifuani. Lazima ulegeze mkanda wa kiunoni ndipo uzishushe. Akiwa bado huko, Dale akapiga ukelele kwamba kuna trauti wa kahawia mkubwa anageuka chini ya gogo. Baba alirudi mbio, anavuta mikanda ya mabegani huku anakimbia. Mkanda wa kiunoni hakuufunga. Yeye, Shangazi! Yeye ambaye ametupigia kelele miaka arobaini, "Mkanda! Mkanda! Maji yakiingia humo utazama kama gunia!" Na mimi nilikuwa hatua ishirini tu, sikutazama.

Alimnasa kwa mrusho wa pili, kwa kichambo cheusi kisichozidi punje ya mchele. Samaki akaruka mara moja, nami nikamwona: dume, taya limepinda kama kulabu, ubavu una rangi ya siagi iliyoungua.

"Lorna! Njoo umwone huyu baba lao!"

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Nilidhani hivyo, yaani. Samaki aliteremka na mkondo, Baba naye akamfuata, fimbo juu, macho kwenye mshipi. Akapanda kwenye rafu ya barafu. Nikasikia mlio kama wa sahani inayopasuka, na pale alipokuwa amesimama pakawa na maji. Hakupiga kelele. Hilo ndilo ninalolisikia mpaka leo, kwamba hakupiga kelele.

Tulikimbia kufuata ukingo. Mkondo ulikuwa umemwingiza chini ya barafu, nami nilikuwa naikanyaga na kuipiga kwa mkongojo wangu wa kuvukia mto, naita kama mwendawazimu. Dale ndiye aliyeuona mshipi wake, ule wa rangi ya machungwa, umenasa kwenye rundo la magogo mwendo wa mita sitini huko chini. Akaingia majini mpaka kifuani, akaushika, akaufuata kwa mikono. Upande wa pili wa mshipi alikuwepo Baba, umejiviringisha mkononi mwake, suruali zimejaa maji. Sijui alikaa humo muda gani. Dale anasema dakika nane. Mimi ningesema mwaka.

Tulipomvuta nchi kavu alikuwa na rangi ya jivu, Shangazi. Hapumui. Nikamgusa shingo, hakuna kitu. Simu haishiki kule bondeni, kwa hiyo Dale, na miaka yake sitini na minane na nguo zake zinazoganda mwilini, ikabidi apande kilima hadi barabarani kuita msaada. Nikabaki mimi na Baba.

Sisi madereva wa mabasi ya shule hufundishwa kila mwaka kusukuma kifua, kwa mwanasesere wa plastiki. Nikapiga magoti nikaanza. Thelathini, pumzi mbili. Thelathini, pumzi mbili. Mbavu zake zilivunjika chini ya viganja vyangu, nikazisikia. Punde akatokea mwanamke mmoja aliyekuwa anavua upande wa chini, amesikia nikipiga mayowe. Anaitwa Bernadette Skiba, sikuwa nimepata kumwona. Hakuuliza swali. Alitupa fimbo yake, akapiga magoti kichwani kwa Baba, akaniambia, "Wewe sukuma, mimi nitampa pumzi."

Hapa ndipo gazeti linaposema uongo.

Gazeti limeandika kwamba binti hakukata tamaa. Shangazi, nilikata tamaa. Ilikuwa imepita nusu saa hivi. Nilimtazama usoni, nikaona macho yake yamefunguka kidogo na kuna vumbi la theluji ndani yake haliyeyuki. Nikaacha. Sikuchoka, usije ukanitetea kwa hilo. Niliacha kwa sababu nilijua amekufa. Nikamfumba macho, nikamvua glavu ya mkono wa kushoto, nikaushika ule mkono, nikakaa. Nikasema kwa sauti, "Basi, Baba."

Bernadette alinitazama. Kisha akanisukuma begani, kwa nguvu, nikaangukia theluji, akachukua nafasi yangu akaanza kusukuma yeye. Mimi nilikaa pale pale nimeushika ule mkono. Sijui kwa muda gani. Dakika mbili, labda tatu. Ndipo akanifokea, "Nimechoka! Mpe pumzi!" nami nikaamka kama mtu aliyepigwa kofi.

Watu wa ambulensi walipofika wakiwa wanateleza kilimani na machela yao, nikamwambia mmoja wao, jitu kubwa lenye ndevu nyekundu, kwamba tumechelewa.

"Mama," akaniambia huku anafungua mfuko wake, "mtu aliyeganda hatusemi amekufa mpaka kwanza apate joto. Pisha kidogo."

Wakampeleka kwa helikopta hadi hospitali kubwa ya mjini. Huko walimtoa damu kwa mpira, wakaipasha moto kwenye mashine, wakairudisha, polepole, kama mtu anayeyeyusha bomba lililoganda bila kulipasua. Moyo wake ulianza kupiga baada ya kusimama kwa muda wa saa mbili na dakika kumi. Daktari alipokuja kutuambia, Dale alikaa chini sakafuni. Nami nilimwuliza daktari mara tatu kama hajachanganya majina.

Siku ya nne Baba alifumbua macho. Ile baridi iliyotaka kumwua ndiyo iliyoulinda ubongo wake, daktari anasema. Amepoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mbavu zinamwuma anapocheka, na hakumbuki kitu tangu alipoingia msituni. Samaki pia hamkumbuki. Dale anamwambia alikuwa mdogo tu.

Basi mwandishi wa gazeti akaja. Akauliza, "Ulimsukuma kifua?" Nikasema ndiyo. "Mpaka msaada ukafika?" Nikaitikia kwa kichwa. Asubuhi ya Jumatatu, gazeti likiwa limeshatoka, watoto kwenye basi walinipigia makofi. Niliendesha nikiwa nimeuma midomo.

Sikuweza kuendelea hivyo. Wiki iliyopita nilikwenda kwa Bernadette. Kazi yake ni kuosha na kunyoa mbwa kwenye gereji ya nyumba yake. Nilimkuta na mbwa mmoja mkubwa aliyelowa, povu mpaka masikioni. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba jina lake lilipaswa kuwa gazetini na si langu.

"Mshike huyu miguu ya mbele," akaniambia, "maana atanirukia."

Nikamshika. Akaendelea kumsugua, kisha akasema bila kunitazama, "Hata mimi nilijua amekufa."

Nikamwuliza mbona basi aliendelea.

"Nilikuwa nasubiri wewe uniambie niache. Hukusema kitu, umekaa tu umeshika mkono. Nikaona aibu kuacha mbele ya binti yake."

Nilisimama pale na miguu ya mbwa mikononi, Shangazi, sijui nicheke au nilie. Mtu amerudi kutoka kwa wafu kwa sababu ya aibu.

Nimeshawapigia simu watu wa gazeti na kuwaeleza yote, na wiki ijayo wataandika upya na kumtaja Bernadette. Lakini kabla halijatoka, ilibidi Baba alisikie jambo hili kutoka kinywani mwangu. Juzi nikaketi kando ya kitanda chake, nikamweleza, bila kujipunguzia. Kwamba niliacha. Kwamba nilimfumba macho.

Nilikuwa natazama bendeji za mkono wake wa kulia, siwezi kumtazama usoni.

"Dakika ngapi?" akauliza.

"Mbili. Labda tatu."

"Na dakika hizo wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimekushika mkono, Baba."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Nilikuvua glavu."

Akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka. Akauinua mbele ya macho yake, akavikunja vidole kimoja kimoja, vyote vitano, akavikunjua, kama mtu anayejaribu glavu mpya dukani.

"Kumbe ndiyo maana huu umebaki mzima," akasema.

Kisha akanipa niushike tena, akafumba macho mwenyewe, akalala. Ulikuwa wa moto, Shangazi. Nilikaa nao mpaka nesi akaja kunifukuza.

Haya ndiyo niliyotaka uyajue. Wewe ndiye ndugu pekee aliyebaki kwake, nami sikutaka unisifu kwa jambo nisilolifanya. Ukiona ni vema kunigombeza, nigombeze, nitapokea.

Baba anakusalimu sana na anauliza kama huko jangwani kuna mto wowote wenye maana. Dale anakusalimu, amepona mafua yake, na ameapa kumnunulia Baba mkanda wa chuma wenye kufuli. Bernadette naye, ambaye hujakutana naye, anakusalimu, kwa kuwa nimemwambia habari zako na za paka, na anasema paka wa namna hiyo hamwoshi hata akitishiwa kwa bunduki. Nisalimie mama Delphine, jirani yako, na wote wanaokuuliza habari zetu.

Mungu akuweke, akulinde na ngazi zako, na atukutanishe sote wakati barafu itakapokuwa imeyeyuka.

Ni mimi binti wa kaka yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Lorna