Vikongwe Hivi, Vikongwe Hawa

Maisaka,
Babati, Manyara.
9 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Gaudiosa,

Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Barua yako ya Krismasi ilinifika, nikaisoma, nikaiweka juu ya kabati ili niijibu kesho yake, na kesho hiyo imefika leo. Usidhani nilikuwa mgonjwa. Magoti hunisumbua asubuhi, lakini yakishapata jua hunitii. Wewe hujambo? Shinikizo la damu limeshuka? Na Baba Coletha, mguu wake umepona? Huku mvua zimekwisha, mahindi yamekauka shambani na mbaazi zinachanua.

Ningeweza kukupigia simu, lakini ninalotaka kusema linahitaji sentensi zilizokamilika. Linamhusu binti yako.

Kama ujuavyo, Coletha yuko kwangu tangu Pasaka, yeye na kamera yake. Kazi aliyojipa ni kuwapiga picha wanawake wazee wa Maisaka na Bonga; si nyuso tu, bali mwili wenyewe jinsi umri ulivyoufanya: shingo, matiti, matumbo yaliyozaa, miguu yenye mishipa. Nilimwambia hakuna mwanamke mwenye adabu atakayekubali. Nilikosea. Walikuja, tena walikuja wamejipaka mafuta hadi wanang'aa, naye akawaomba wayafute kwa kitambaa ili ngozi ionekane ilivyo. Kumwambia mama wa watu afute mafuta ni kumwambia atoke nyumbani bila kunawa uso. Mwanao hakulijua hilo, ingawa nyumbani kwako mafuta hayakosekani.

Jirani yangu Paskalina ndiye aliyeiokoa siku ile. Alijifuta, akafungua kanga, akasema, "Mjukuu, mimi nimezaa tisa. Ukitaka kuona barabara waliyopita, piga." Mwenzake akadakia, "Barabara yenyewe ina makorongo, hata bodaboda haipiti." Walicheka mpaka Coletha akashindwa kuishika kamera.

Nilipoona wenzangu wamenizidi ujasiri, nami nikakubali. Nilikaa kwenye kigoda kando ya dirisha la chumba changu, nimempa mgongo, kitenge kikiwa kiunoni.

Wiki iliyopita aliniletea picha hiyo ikiwa imechapwa kubwa. Niliitazama, nikamwuliza ameipata wapi picha ya mama. Sikuwa nikifanya mzaha. Mtu hauoni mgongo wake mwenyewe. Mgongo niujuao mimi ni ule tuliokuwa tukiuogesha mimi nawe katika miezi ya mwisho ya mama. Bega la kushoto limeshuka vilevile. Ngozi ya chini ya mbavu imekunjana vilevile. Mama aliinama kwa kubeba kuni, mimi nilibeba madaftari. Sikujua kwamba tungefika mahali pamoja.

Ningeridhika, kama nisingeyasoma maandishi yaliyokuwa chini yake. Mwanao ameandika: "Vikongwe hivi vimebeba dunia." Na bango la kuwekwa mlangoni pa ukumbi wa maonyesho limekwisha kuchapwa hivyo hivyo.

Unajua nisivyoweza kulivumilia jambo hili. Kikongwe ni mtu. Neno lina umbo la kiti na kikapu, lakini hupatanishwa kama mtu: kikongwe huyu, vikongwe hawa. Nilimweleza. Akanijibu, "Mama mkubwa, ni silabi mbili tu. Watu wanakuja kutazama picha." Nikamwambia kwamba silabi hizo mbili ndizo zinazomtenga bibi na kigoda alichokikalia. Kesho yake akarudi akiwa amesahihisha: "vikongwe hizi". Nilitoka nje nikapalilia mchicha ambao haukuwa na magugu.

Bado sijamaliza. Michael, mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye nilimfundisha ngeli za majina akiwa darasa la tano, alizisikia habari akaja. Aliniamkia vizuri, akapewa chai, kisha akasema kwamba picha za mama zetu zisitundikwe ukumbini, zikae kabatini, kwa heshima. Nikamwuliza kama amewauliza wenye miili. Akasema amezungumza na waume zao.

"Paskalina ni mjane," nikamwambia. "Ulimfuata mumewe makaburini?"

Aliimaliza chai yake bila kunitazama.

Basi nimebanwa katikati. Mmoja anataka kututundika, mwingine anataka kutufungia kabatini. Wote wawili wanatupenda, na wote wawili wametuweka katika ngeli ya vyombo.

Picha zitaonyeshwa mwishoni mwa mwezi ujao, katika ukumbi mmoja hapa mjini. Coletha, na hapa namsifu, amesema hatatundika picha ya mtu bila ridhaa yake. Lakini akina mama walikutana kwa Paskalina wakaamua kunifuata mimi. "Mwalimu akitundikwa, tumetundikwa. Akijitoa, tumejitoa." Sikuuomba mzigo huu. Nikikataa, kazi yote ya mwanao imepotea, na Michael atadhani nimemtii. Nikikubali, nusu ya watakaoingia ukumbini ni watu niliowahi kuwachapa vidole kwa rula, nao watasimama mbele ya mgongo wangu wakiwa na soda mkononi. Naona aibu, Gaudiosa, na inaniudhi kwamba naiona, kwa sababu nimeutafuta ubaya wa mgongo ule nisiupate.

Juzi nilichukua kalamu nyekundu. Nilikata "hivi" nikaandika "hawa", nikakata "vimebeba" nikaandika "wamebeba". Coletha alisoma kwa sauti, akarudia tena polepole. Baadaye, tukiwa tunachambua mchele, aliniuliza kama akina mama wangependa kupigwa picha upya wakiwa wamejipaka mafuta yao. Nimeanza kumsamehe, lakini usimwambie.

Ndani ya bahasha nimekuwekea nakala ndogo ya picha yangu. Wewe ndiwe wa mwisho kubebwa na mgongo wa mama, kwa hiyo itazame ukiwa peke yako kabla hujamwonyesha mtu. Sikuombi uniamulie. Nataka tu mtu mwingine ajue ninachokitazama kila ninapopita sebuleni.

Nisalimie Baba Coletha, na Elieza pamoja na mkewe. Mjukuu wetu Marcelino mwambie bibi yake anamkumbusha kuanza jina lake kwa herufi kubwa. Mungu aliyemshika mama mkono katika miteremko ya Mbulu awashike na ninyi huko Masasi.

Nikishaamua nitakuandikia, na barua hiyo haitapitia juu ya kabati.

Dada yako akupendaye,
Xaveria