Baba Mkwe Anavusha Watoto Mtoni, Mimi Nimeahidi Paa la Soko

Mama Nesta, shikamoo. Samahani kwa mwandiko, naandikia kwenye goti, na samahani pia kwa urefu wa barua, maana nikianza kupunguza maneno nitapunguza na ukweli. Mimi ni mama wa watoto watatu, nalima kahawa na viazi huku milimani Ileje, na tangu mwezi uliopita ni mgombea udiwani katika uchaguzi mdogo wa kata yetu, baada ya diwani tuliyekuwa naye kufariki. Jina langu na la kata naomba uyafiche. Zimebaki siku kumi na moja watu wapige kura, na Jumanne kuna kitu nilikiona ambacho mpaka sasa hakinitoki machoni.

Nianze na mila, kwa sababu wasomaji wengine wa gazeti lenu hapo Tunduma huenda hawaijui. Kwetu mke hakutani na baba mkwe wake. Ukimwona anakuja unaacha njia, unaingia kwenye migomba au unachuchumaa na kujifunika kitenge mpaka apite, humsalimii kwa mdomo, huli naye, na jina lake hulitamki, hata hapa siwezi kuliandika. Si chuki, ni heshima, na wako walioacha siku hizi, lakini nyumba yetu haijaacha. Nimeolewa miaka kumi na minne na baba mkwe nilikuwa namjua kwa mgongo na kwa kikohozi chake tu, uso wake sikuwa nimewahi kuutazama. Yeye anaishi ng'ambo ya mto, mimi na mume wangu Lusubilo tulijenga upande huu wenye shule, na Lusubilo mwenyewe yuko Tunduma kwenye kazi ya kugomboa mizigo ya malori mpakani, anakuja mara moja kwa mwezi.

Nilipochukua fomu nilisema mimi sitafanya kama wale wanaokaa sebuleni na kujiandikia vipaumbele vya watu. Nikazunguka vitongoji sita kwa miguu yangu, nikakaa na watu kwenye viazi vyao, nikawauliza mnataka nini kianze. Kitongoji cha saba ndicho cha baba mkwe, huko niliogopa kukutana naye uso kwa uso, nikamtuma meneja wangu wa kampeni, Ikupa, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, azunguke kwa barabara ya juu iliyo mbali. Ikupa akarudi na karatasi, wanataka mbegu bora za viazi na taa za sola. Nikaandika hivyo hivyo. Kwa hiyo kwenye vipeperushi vyangu cha kwanza ni paa la soko la kijiji kikubwa, cha pili barabara, cha tatu vyoo vya shule, mbegu na taa zikaja chini kabisa, na kijiji kikubwa wamenipenda kweli kwa lile paa, maana akina mama wanauza ndizi huku wananyeshewa na zaidi ya nusu ya kura za kata ziko pale.

Sasa Jumanne gari letu la matangazo lilikwama kwenye tope, tukaamua mimi na Ikupa tukate njia ya chini kuelekea mkutano wa asubuhi. Tulifika mtoni kama saa kumi na mbili na nusu, ukungu haujaondoka, mto umejaa na una rangi ya chai ya maziwa. Ikupa aliyekuwa mbele akageuka akaninong'oneza kwamba mzee yupo, nami bila kufikiri nikaingia kwenye migomba, nikapiga magoti, nikavuta kitenge kichwani kama nilivyozoea. Lakini mbele yangu majani yalikuwa yameachana, na Mama Nesta, nilitazama, Mungu anisamehe, nilitazama mpaka mwisho.

Yule mzee ana miaka sabini na minne. Kamba ilikuwa imevutwa toka mti wa huku mpaka mti wa kule, naye amejifunga kamba nyingine kiunoni yenye kitanzi kinachoteleza juu ya ile, maji yamempita kiuno, na mgongoni amebeba mtoto wa shule. Mmoja mmoja. Anamshusha ukingoni, anamfuta miguu kwa kitambaa, anageuka anarudi kuchukua mwingine, na madaftari yote anayavusha safari ya mwisho ndani ya ndoo aliyoishika kichwani. Binti mmoja alimrudisha kunawa uso kwanza kabla hajamruhusu kwenda shule. Nilianza kuhesabu bila kujua nahesabu, na watoto walikuwa ishirini na sita, Mama Nesta, ishirini na sita, kwenda na kurudi, kwenye maji yale ambayo mimi na ujana wangu nisingeweka hata mguu. Alipumzika mara mbili tu, akikohoa. Alipomaliza akavua kofia, akatazama watoto wanapanda kilima, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Asante Bwana. Ni wote."

Halafu akakamua suruali, akakaa. Mimi nilikuwa pale chini nimepiga magoti kwenye matope, na nakwambia ukweli, magoti yale hayakuwa tena ya mila. Kanisani nimepiga magoti tangu nimezaliwa, lakini sijawahi kusikia nilichokisikia pale.

Nilipotoka nilimbana Ikupa, akaanza kulia. Akasema miti ya daraja ilisombwa miaka mitatu iliyopita, mimi sikujua maana njia ile huwa siipiti kwa kumkwepa mzee, na tangu hapo kila msimu wa mvua mzee yuko majini asubuhi na tena saa nane watoto wakirudi. Kitongoji kizima kinajua. Siku Ikupa alipokwenda kuuliza vipaumbele, mtu wa kwanza tu kusimama alitaja daraja, na mzee akainuka akamkalisha. Maneno yake Ikupa anayakumbuka yote:

"Msimwombe mke wa mwanangu daraja. Watasema amegombea ili ajenge kwao. Mwacheni ashinde kwanza, mgongo wangu bado upo."

Akawaapisha wote wanyamaze, na Ikupa naye akanyamaza. Kumbe mimi nimepita kata nzima najisifu kwamba nimesikiliza watu, na mtu anayenipenda kuliko wote ndiye aliyejinyamazisha kwa ajili yangu.

Niliitisha kamati yangu nikawaambia daraja liwe la kwanza. Wakakataa. Wanasema ukiondoa paa la soko sasa kijiji kikubwa watakuhama kwa siku moja, na mpinzani wangu Asajile ataimba mpaka siku ya kura kwamba nawajengea wakwe. Wanasema ninyamaze, nishinde, kisha nitafanya ninachotaka. Lusubilo kwenye simu ananiambia hivyo hivyo, anasema baba amezoea, wiki mbili si nyingi. Na mkutano wangu wa kufunga kampeni uko kwenye kitongoji kile kile, kamati inataka niuhamishe kwa sababu ya mila, eti mgombea hawezi kuchuchumaa jukwaani. Mimi sijui nimtii nani. Nikibadilisha naweza kupoteza uchaguzi na kafara ya mzee itakuwa ya bure, nisipobadilisha kila mvua ikinyesha usiku nahesabu watoto mpaka alfajiri. Na nikienda kule nitasimamaje mbele ya baba mkwe wangu? Nisaidie mama, nifanye nini.

Mkwe Mgombea, Ileje

MAMA NESTA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua za watu nimezisoma miaka mingi, za ndoa, za mashamba, za wachumba waliokimbilia Nakonde ng'ambo ya mpaka, na nyingi nazisoma huku nakunywa chai. Yako chai ilipoa. Niliisoma mara mbili, kisha nikatoka nje nikasimama barazani. Mtu anaingia kwenye mto asubuhi na mchana kwa miaka mitatu, na alichokiogopa ni wewe kusemwa vibaya. Nimeishi na watu wengi, wa namna hiyo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Haya, nimeshashangaa, sasa nikugombeze. Umeniandikia kurasa nne na kila baada ya mistari michache kura zinarudi. Wewe unahesabu siku kumi na moja za kampeni. Siku hizo kumi na moja yule mzee anaingia majini mara mbili kila siku ya shule, na mvua za mwezi huu haziulizi ratiba ya mikutano yako. Kamati yako inakwambia ushinde kwanza. Mzee akiteleza Alhamisi, utakwenda kuapa na uso gani?

Na lile la vipaumbele ulikosea wewe, usimtwishe Ikupa peke yake. Vitongoji sita ulikwenda, cha saba ukatuma mtu, na cha saba ndicho kilichokuwa na kilio. Mila ilikuambia umkwepe mtu mmoja, wewe ukakwepa kaya zote zinazomzunguka. Hilo mila haikukutuma, ulijitafutia wepesi.

Sasa sikiliza. Leo hii, vua fulana yako ya chama, vaa nguo zako za shamba, nenda kwa mwalimu mkuu na kwa mtendaji wa kijiji. Waambie ulichokiona. Watoto wale ishirini na sita wapokewe kwenye nyumba za upande wa shule mpaka mvua zipungue, na mlango wa kwanza kufunguliwa uwe wako. Wewe usitoe hela wala mbao wala usipige picha, wakati huu ukitoa kitu wataita hongo na watakuwa sahihi. Acha mtendaji ndiye aite watu.

Ukitoka hapo nenda kwa Asajile. Ndiyo, kwa mpinzani wako, nyumbani kwake, mchana, watu wakiona. Mpeleke mtoni saa nane, wewe ukibaki kwenye migomba, aone kwa macho yake, kisha mwombe daraja aliweke la kwanza kwenye karatasi yake kama wewe utakavyoliweka kwenye yako. Akikubali, hakuna tena wa kusema ni daraja la wakwe, na yeyote atakayeshinda litajengwa. Najua hapo moyo wako utagoma kidogo, maana ukimpa Asajile daraja umempa na kura. Ukiona unasita sana, kaa chini ujiulize unachokigombea.

Kisha nenda kijiji kikubwa mwenyewe, kabla maneno hayajakutangulia. Simama pale pale sokoni uwaambie akina mama wa ndizi kwamba paa limekuwa la pili na kwa nini. Usimtaje mzee, amekataa kutajwa na hilo tuliheshimu. Waambie watoto ni ishirini na sita na wanavuka kwa mgongo wa mtu. Wale ni wazazi, wataelewa kuliko kamati yako inavyodhani. Wapo watakaokuhama, waache waende.

Mkutano wa kufunga kampeni usiuhamishe. Mtume wifi yako au shemeji yako amwambie mzee siku na saa, naye achague mwenyewe pa kukaa, nyuma ya nyumba, nyuma ya umati, anakotaka. Wewe jifunike kitenge chako, zungumza na watu, macho yako yasimtafute. Utakuwa umesimama na heshima yake iko palepale. Usiende kumshukuru, usimfuate kumpigia magoti mbele za watu, utamwaibisha. Watu wazima wa aina yake hushukuriwa kwa kazi.

Nimemaliza na wewe, sasa nina neno na mumeo. Jina lako nimelificha na ya wengine nimeyabadilisha, la kwake nimeliacha makusudi, maana gazeti hili linasomwa sana hapo mpakani kwenye foleni ya malori.

Lusubilo, eti baba amezoea. Baba yako ana miaka sabini na minne, anakohoa, na kesho saa kumi na mbili na nusu atajifunga kamba aingie majini tena, wakati wewe mwenye mgongo wa miaka arobaini umelala Tunduma. Mkeo mila inamkataza hata kumsogelea kumshika mkono asianguke. Wewe nani amekukataza? Mizigo ya watu mwachie mwenzako wiki mbili hizi. Panda gari la leo, ukifika usipitie nyumbani kupumzika, teremka mtoni, vua viatu, mfungue baba yako ile kamba ujifunge wewe, na yeye umkalishe pakavu.