Kufuli Tatu za Stoo

Jumanne.

Kufuli tatu kwenye stoo ya mtumbwi, funguo kwa watu watatu, kama sanduku la kikoba, eti asiibe mtu. Kwenye kikao cha mpango wa mafuriko nilipinga. Mtumbwi wa dharura si akiba, nikasema. Ufunguo mmoja ukikosekana, zile mbili hazina kazi. Mwenyekiti akacheka: "Mama Zaina, unatuona wezi?"

Leo alfajiri mto umebeba daraja. Zaina wangu ana uchungu wa kujifungua, zahanati iko ng'ambo, na mwenyekiti yuko huko huko na ufunguo wake. Kwenye simu akasema, "Msivunje, mama. Ngoja niulize wilayani."

Nikangoja saa nzima, mjinga mimi. Ndipo nikashika shoka.

Zaina yu hai. Mtoto tumemzika alasiri. Mwenyekiti ametuma pole, na anauliza nani alivunja kufuli.