Vasi Lililoshonwa kwa Ngozi ya Mbuzi

Kanamkemer, Lodwar
Novemba 2012

Mama,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa huzuni ambayo wewe unaijua kuliko mimi, kwa kuwa ulimbeba Simiyu kabla mimi sijamjua. Goti linaendeleaje na mvua za huko? Ile dawa ya kuchua niliyokuachia usiwawekee wageni, itumie mwenyewe. Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Mimi mwili ni mzima. Nimerudi jikoni pale shuleni nawapikia watoto mahindi na maharagwe, na mikono ikiwa na kazi mchana unapita. Jioni ndiyo ngumu. Bado naweka sahani mbili, halafu narudisha moja.

Neema mwanangu, najua wewe ndiye unayemsomea bibi. Soma polepole, tena mkiwa wawili tu. Simu ya nyumbani anayo baba yako mdogo Wafula, na mtu akipiga hufungua sauti boma zima likasikia. Ndiyo maana nimeandika, nikampa barua mwalimu wetu mmoja anayekuja Kimilili kuwaona wazazi wake.

Mama, jambo lenyewe ni yale mavasi ya Simiyu.

Wafula alinipigia kunijulisha kwamba wazee wamekubaliana vitu vya marehemu vigawanywe Desemba, shule zikifungwa, na kwamba nije na kila kitu. Nikamwambia nguo na redio nimeshafunga. Akasema, "Na zile nyungu za Wazungu, shemeji. Kila ndugu achukue yake." Nikamweleza kwamba moja imepasuka. Akacheka.

"Imepasuka, ama imepata mnunuzi? Picha ya Krismasi tunayo hapa. Ziko saba."

Nikasikia watu nyuma yake wakicheka pia. Sijui kama nawe ulikuwa umeketi hapo. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nimeishi kwenu kama mke tangu nikiwa msichana, na hakuna aliyewahi kuniita mwizi, hata kwa mzaha. Kwa hiyo nataka usikie kutoka kwangu ilivyokuwa, kabla sijafika mbele ya watu.

Huenda Simiyu hakukueleza alivyoanza mambo haya, kwa kuwa aliogopa mngemcheka. Alipokuwa akipeleka vyakula Kakuma kwa lori, kulikuwa na mkunga mmoja Mjerumani, mama mzee, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi. Chumba chake kilikuwa cha mabati kama vingine, lakini dirishani alipanga mavasi ya kwao. Simiyu alisema ukiingia pale unasahau joto. Yule mama alipomaliza kazi yake na kurudi kwao, alimpa moja ambalo lilikuwa limemeguka mdomo. Akamfundisha kulipindua kwanza, kabla ya kulisifu, maana chini ndiko kulikoandikwa lilikotoka. Chini ya lile kuliandikwa Ujerumani ya Magharibi. Simiyu alipenda sana maneno hayo. Alikuwa akiwaambia wageni, "Nchi yenyewe haipo tena, wameiunganisha na nyingine. Chombo bado kipo."

Basi ukawa ugonjwa. Wageni wakiondoka Kakuma huacha vitu, na vitu huzunguka sokoni bila mtu kujua ni vya nini. Moja alilikuta kwa mwenye duka Msomali, limewekwa vijiko. Nilikuwa naye siku hiyo.

"Dereva, unataka vijiko?" Msomali akamuuliza.

"Nataka kilichobeba vijiko."

"Hiyo ni ya maua. Wewe umeona maua wapi Kakuma?"

"Sijaona. Ndiyo maana nataka kuwa tayari."

Msomali alicheka mpaka akamwagia chai kitambaa cha meza. Lilikuwa vasi la rangi ya makaa yanayowaka, na rangi yenyewe imevimba na kutoboka kama uji uliochemka ukakaukia sufuriani. Mimi niliona baya. Yeye alilipakata njia nzima mpaka Lodwar, amelifunga kwa shati lake.

Nyumbani aliweka ubao juu ya matofali, ukutani mbali na dirisha, kwa sababu upepo wa hapa huja na mchanga. Maua hatuna, kwa hiyo alitia unyoya wa mbuni, matawi makavu ya miiba meupe, na majani ya mkoma niliyoyakata vipande. Sehemu zilizomeguka alizigeuzia ukutani. Mimi nikipanguza vumbi nilikuwa nazisahau, nageuza kinyume, naye hasemi kitu, anapita tu na kurudisha. Lile la kijivu lenye paa wa bluu halikutiwa chochote. Ndilo la zamani kuliko yote, kabla ya vita vyao, alisema. Nilipotaka kulitia unyoya akasema, "Hilo liache lipumzike."

Hilo ndilo lililopasuka, Mama.

Tulipokuja kumzika, funguo nilimwachia jirani yangu Akiru. Ni mama Mturkana, mbuzi wake hulala nyuma ya ukuta wetu, na siku maji ya laga, ule mto mkavu unaofurika ghafla, yalipomchukua Simiyu na lori lake, ni yeye aliyenishika nisianguke. Niliporudi kutoka kwenu sikuwa na nguvu ya kula. Chakula kilikuwa kinafika kooni na kusimama. Akiru aliona. Asubuhi moja nilikuwa nimelala, nikasikia harufu ya moshi mtamu, nikatoka. Amechuchumaa uani na lile vasi la kijivu. Alikuwa ameshalitia makaa ya moto, akalitikisa, akayamwaga, akalipiga mswaki ndani kwa kijiti, kama wanavyofukiza vibuyu vyao ili maziwa yakae vizuri. Kabla sijafungua mdomo akamimina maziwa ya mbuzi.

Likasema tak. Ufa ukashuka kutoka shingoni mpaka tumboni, ukampitia paa mgongoni, na maziwa yakaanza kutoka polepole juu ya vidole vyake.

Akiru alikaza mikono miwili kuzunguka vasi, kama mtu anayezuia damu. "Ejok, mama Neema," akanisalimu kwa Kiturkana, kwa sauti ndogo, kana kwamba ndiyo kwanza tumekutana njiani.

"Akiru, umefanya nini?"

"Mimi nilichagua hii kwa sababu iko na mnyama. Na shingo yake ni ya maziwa. Angalia."

"Ni ya maua."

"Maua inakunywa na shingo namna hii?" Kisha akaanza kulia. "Chombo ya bwana yako imekaa kavu, na wewe pia umekaa kavu. Nilitaka mkunywe pamoja."

Mama, ningemgombeza vipi? Nilileta bakuli, tukakinga yale yaliyobaki, nikayanywa pale pale nimesimama. Yalipita kooni. Ndicho kitu cha kwanza kilichopita bila kusukumwa tangu mazishi.

Vasi liligawanyika mkononi mwake maziwa yalipokwisha. Nilitaka kulizika nyuma ya nyumba, akakataa. Alikwenda nalo kwake, akalivalisha ngozi mbichi ya mbuzi, akaishona, ikakauka na kukaza vile vipande mpaka vikashikana. Hivyo ndivyo wanavyotengeneza vibuyu vilivyopasuka. Halishiki maji tena, lakini linasimama. Ngozi imemfunika paa mwili, kimebaki kichwa, na bado kuna manyoya kidogo upande mmoja. Harufu yake ni ya moshi na mbuzi. Kusema kweli ni kitu cha kuchekesha, na nimeshacheka mwenyewe.

Kwa hiyo nakuja nayo yote saba. Nimeyafunga kwa mashati yake, kila moja na lake. Sitaki kupigania mavasi. Nilitamani yakae pamoja kwenye ubao mmoja kama alivyoyapanga, lakini najua ndugu zake nao wamempoteza, na kila mmoja anataka cha kushika. Wakae nayo, hata wakitilia sukari au misumari. Waambie tu wasitie kitu cha moto.

Ombi langu kwako ni moja. Hilo la ngozi nalitaka mimi. Najua hakuna atakayeligombania. Wafula ataliinua juu, watu watacheka, na mwishoni litabaki mezani, mtu aseme, haya, mwachieni mjane. Mama, nisilipate namna hiyo. Nakuomba usimame kabla mtu mwingine hajachagua, hata kama goti linauma, ulichukue kwa mkono wako na unipe, ukisema kwamba huyu ni mke wa mwanangu na hiki ni chake. Ukishasema hivyo, yale mengine waanze na lolote.

Msalimie Wafula na mkewe, usimwambie nimekasirika, maana imeshapungua. Msalimie shangazi Nekesa, dada mkubwa wa marehemu, aliyenifunga leso kiunoni siku ya mazishi. Leso yake ninayo. Akiru naye anakusalimu, ameniomba nikuandikie kwamba mbuzi aliyetoa ngozi hakuwa mgonjwa.

Neema, ukimaliza kusoma mchue bibi goti.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Rosa