Sahihi Yangu Ukutani

Roger, nimeketi nje ya hospitali ya Baraka.

Mjukuu wangu Félicité, mimba ya miezi minne, chupa ya uzazi ilipasuka juzi. Homa ikapanda. Kule hospitali ya misheni walingoja tu, kwa kuwa moyo wa mtoto ulikuwa ungali unapiga.

Nikamwambia sista, "Andika barua ya kumhamishia Baraka, wakamtoe mimba kabla homa haijamuua."

Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. "Mwalimu, soma. Si ni we ulisinya?"

Ni sahihi yangu, ndugu yangu. Ni ile kanuni tuliyoipitisha mimi nawe katika kamati ya hospitali: asiandikiwe barua mwanamke yeyote anayekwenda kutolewa mimba. Tuliipigia makofi.

Si ni we ulisinya?

Félicité akasema, "Koko, niko nasikia baridi."

Nikachana ukurasa wa daftari, nikaiandika barua mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni. Tukampakia kwenye pikipiki.

Muuguzi wa hapa akaisoma. "Dokta gani ameandika hii?"

"Babu yake," nikajibu.

Wamemwingiza ndani. Hakuna aliyeniambia neno.

Kesho nakwenda kuibandua ile karatasi ukutani. Uje, Roger. Jina lako liko chini ya langu.